Pale Gitaa Linaponyamaza

Mtu alikuwa amevuta pumzi ndani ya wimbo.

Eugénie aliisikia pumzi hiyo akiwa kwenye foleni ya maji pale New Congo, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, madumu ya njano miguuni, simu ameibana sikioni kwa bega. Akaurudisha wimbo nyuma, akasikiliza tena. Magitaa yanateremka, ngoma inakata, kimya. Halafu, kabla sauti yake yeye mwenyewe haijapaza "Divine! Nyota ya Nakivale!", mtu anavuta pumzi. Pumzi ndefu, yenye maji ndani yake, ya mtu aliyejiandaa kusema neno akakatizwa.

Siku ya kurekodi, mdogo wake Divine alikuwa ameshamaliza kuimba na ametoka nje kunywa soda. Ridhiwan mwenye studio alikuwa nyuma ya kioo anaongea na simu. Mbele ya maiki alibaki Eugénie peke yake, naye hakuvuta pumzi namna ile. Namna ile anavuta mtu anayezama.

"We mama, sukuma madumu!" mtu akamfokea kutoka nyuma. "Fasi iko wazi mbele yako, weye uko nacheza na simu!"

"Nicheze na nini? Na kazi?" Eugénie akajibu bila kugeuka. "Unipe kazi basi, nicheze nayo."

Foleni ikacheka. Walimjua. Alivishwa joho la chuo kikuu Mbarara mbele ya mama yake, ambaye siku hiyo alilia mpaka kilemba kikalowa, na tangu hapo kazi aliyopewa ni uvoluntia, kazi isiyo na mshahara. Alitafsiri. Alizunguka vijiji vya kambi kuhoji wajane, akaandika ripoti nzima juu yao, na ripoti ilipotoka kwenye karatasi ya kung'aa ilikuwa na jina la kijana mmoja wa projekti ambaye alikuja kambini mara moja, akaogopa vumbi, akarudi kwenye gari. Eugénie alipouliza, aliambiwa asante kwa moyo wako. Moyo! Quand même! Kama vile moyo unachemshwa ukaliwa na fufu.

Ndiyo sababu alifanya alichofanya studio.

Kwa Wakongomani wimbo mzuri una mahali pa kutupa libanga. Magitaa yananyamaza kidogo, na mwimbaji anataja jina la mtu: mwenye maduka, mkubwa wa jeshi, mke mdogo wa waziri. Ukishatajwa hapo umekuwa mtu. Utatembea mjini kifua mbele hata kama nyumbani watoto wanalala njaa. Na wimbo huu, *Nilikuita Mchana*, ulikuwa na kimya kizuri kuliko nyimbo zote za Kivu. Ulitoka Uvira enzi za Zaire, ukipigwa na okestra moja ya baa za bandari ya Kalundu. Miaka ya themanini wakauchukua wa Bujumbura, wakaongeza kinanda, wakamtaja mke wa afisa. Vita vilipokuja, kwaya za waliokimbia zikaokoka nao wimbo, zikaupaka mafuta ya kanisa, na pale kwenye kimya zikamtaja Yesu. Baadaye DJ mmoja wa Kampala akaukatakata, akauharakisha kama mwizi anayefukuzwa, akajitaja mwenyewe. Kila kizazi kiliuvua nguo kikauvika za kwake. Kiitikio tu ndicho ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa:

*Nilikuita mchana, ukasema ni upepo.*

Marehemu mama yao aliuimba akimenya mihogo. Basi Ridhiwan alipotaka Divine auimbe upya, na akaagiza kwenye kimya ataje jina la studio, Eugénie akachukia. Miaka yote hiyo mahali pale pamekaliwa na vitambi. Kwa nini kwa mara moja pasikaliwe na mtoto wa turubai? Akasogea mwenyewe kwenye maiki, akalitupa jina la mdogo wake kwa nguvu zote. Ridhiwan akakata simu, akasikiliza, akasema, "Kale, sawa, iache. Iko tamu." Lakini wimbo ulipotoka mtandaoni, bango lake lilikuwa na picha ya Ridhiwan na jina la Ridhi Beats. Mwimbaji hakuandikwa.

Eugénie akafika nyumbani na maji yake, hasira imemtangulia mlangoni. Divine alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, ungo mapajani, anachambua maharage.

Alikuwa anaimba kiitikio. Alikuwa anakiimba vizuri mno, taratibu, kama mtu anayesimulia mashtaka yake mbele ya hakimu aliyechoka, na Eugénie akatua dumu la kwanza, akatua la pili, na ni wakati anainuka kutua la tatu ndipo alipoona kwamba midomo ya mdogo wake imefungwa, imebanwa kabisa, mpaka imekuwa myeupe pembeni, na maneno yanaendelea kutoka, neno kwa neno, si kooni kwa Divine bali chini zaidi, kama yanatoka kwenye pipa lililozikwa, kwa sauti ya mwanamke mzima ambaye hajawahi kuwa na umri wa miaka kumi na tisa wala hajawahi kucheka.

"Divine?"

Wimbo ukakatika. Divine akainua macho, akatabasamu. "Yaya, umerudi? Maji yalikuwa mingi?"

Yaya ndivyo alivyomwita dada yake tangu ajue kusema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa muda mrefu. Asubuhi iliyofuata alifungua mdomo kusalimu na hakikutoka kitu.

Kituo cha afya walimpa vidonge vya koo. Kanisani walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakamtikisa kama mti wa parachichi, na kwaya ilipoanza *Nilikuita Mchana* ile ya kwao, walipofika kwenye kimya na kumtaja Bwana, Divine akainama, akatapika. Maji. Maji meupe, ya baridi, mengi kuliko tumbo la binti mwembamba linavyoweza kubeba, na ndani yake mchanga. Mchungaji akaruka nyuma kuokoa viatu. Halafu ikaja harufu. Ziwa la Nakivale linanuka tope na samaki wa ngege, kila mtu analijua. Hii ilikuwa harufu ya ndagala, dagaa wa kwao, wabichi walioanikwa mchangani, Uvira, jua likiwaka. Eugénie hakuwa ameinusa tangu alipokuwa mtoto mgongoni kwa mama yake, siku wanakimbia.

Akampigia Ridhiwan.

"Sauti imepotea?" Ridhiwan akasema. "Banange! Pole. Lakini si tuko na rekodi? Nitaweka msichana mwingine afungue mdomo tu. Siku ya Wakimbizi iko karibu, wakubwa wamenialika huko kwenu."

"Ridhiwan, mutoto iko nakufa."

"Nyabo, mimi si daktari. Mimi ni prodyusa."

Eugénie akamfunga Divine kitenge, wakateremka Mbarara. Hakwenda kuomba. Alikwenda kuvunja kitu. Mtaa mzima wa Nyamityobora ulimsikia amesimama mlangoni pa studio, akimwaga matusi kwa Kifaransa, kwa Kiganda, kwa Kinyankore, na kila lugha ilipokwisha akachukua nyingine. Ridhiwan alijifungia ndani akaongeza sauti ya spika. Aliyetoka ni mwanamke wa makamo kutoka mlango wa pili wa ua, ushungi mweupe, mikono ina unga wa chapati. Hakumtazama Eugénie hata kidogo. Alimtazama Divine, akanusa.

"Huyu binti ametoka ziwani lini?"

"Hajatoka ziwani. Ametoka kambini."

"Ingieni," mwanamke akasema. "Na wewe punguza mdomo, unayemtukana ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni ssenga wake. Mimi mwenyewe namtukana, lakini kwa foleni."

Aliitwa Mastulah. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Bukoba, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mpwa wake, na watu wa mtaa walimletea waliopagawa, wengine kwa siri, wakiwemo wenye rozari shingoni. Hakutaka malipo yoyote. Alimlaza Divine kwenye mkeka, akamfunika shuka jeupe, akachoma ubani, akasoma. Ilikuwa mchana kweupe, adhuhuri imetoka kusaliwa, watoto wanapiga mpira nje. Mastulah alisoma mpaka jasho likamtiririka, na moshi wa ubani, badala ya kupanda, ukaanza kushuka, ukatambaa sakafuni kama maji yanayotafuta mwinamo, ukalizunguka shuka, na chini ya shuka, mahali ulipokuwa mdomo wa Divine, nguo ikalowa duara, duara likakua, na kutoka kwenye duara hilo, bila nguo kutikisika kwa pumzi, ile sauti ya mwanamke ikasema:

"Umekawia kuniuliza."

"Nakuuliza sasa," Mastulah akanong'ona. "Wewe ni nani?"

"Niliahidiwa kuitwa. Sikuahidiwa kujitambulisha."

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Pahali pangu pamekaliwa. Nimekuja, nimemkuta amekaa yeye."

"Na waliokaa kabla yake, umewafanya nini?"

"Kawaulize. Kama wanaweza kujibu."

Eugénie akashindwa kuvumilia. Akaanguka magoti kando ya mkeka. "Mie njo nilimuweka! Hakuomba! Nikamate mie!"

Shuka likageuka upande wake. Kichwa hakikugeuka, shuka tu.

"Wewe hukutajwa," sauti ikasema, kwa upole wa kutisha. "Wewe nani amewahi kukutaja?"

Eugénie akahisi kama amepigwa kofi na mtu anayemjua. Akakumbuka ripoti, akakumbuka karatasi ya kung'aa, na hasira ikampanda mpaka meno yakauma. Na jambo la ajabu, haikuwa hasira ya kumchukia huyu wa chini ya shuka. Ilikuwa kama wamekutana wawili wenye kesi moja.

"Nitakutaja," akasema. "Nitatafuta jina lako, nitalitaja fasi yake, mbele ya batu bote. Nakuapia kwa mama yangu."

"Wote waliapa."

"Mie haiko kama bale."

Duara kwenye shuka likaacha kukua. "Nitangoja," sauti ikasema.

Mastulah akafungua madirisha yote. "Sikiliza mwanangu. Huyu hana nia ya kuua, ana hasira. Lakini maji yanapanda. Leo yako tumboni. Yakifika kwenye mapafu, utazika. Anakaa kwa aliyetajwa mwisho, ndiyo desturi yake. Kwa hiyo njia ni mbili. Ukiimba wimbo hadharani, ukalirudisha jina lake pahali pake, atakwenda zake, ameridhika, mambo yamekwisha. Ukitaja jina la mtu mwingine aliye hai, atamwachia mdogo wako pia. Atahamia kwa huyo." Akamkazia macho. "Usinifanyie hiyo ya pili."

"Mama, niko na akili."

"Sijasema huna akili. Nimekusikia pale mlangoni, ndiyo maana nasema."

Jina hilo alilijua mtu mmoja tu aliyebaki. Mzee Appolinaire, mpiga gitaa wa ile okestra ya kwanza, aliishi New Congo hiyohiyo, nyuma ya kinu cha mahindi. Kila Siku ya Wakimbizi aliketishwa kiti cha mbele, akatangazwa kuwa ndiye mtunzi wa *Nilikuita Mchana*, akapigiwa makofi, akapewa fulana. Eugénie alimkuta amevaa mojawapo.

"Papa Appolinaire, ile mara ya kwanza, kule Kalundu, mulitaja nani kwenye kimya?"

"Hatukutaja mutu. Tulinyamaza tu. Ni art, mwanangu."

"Acha bongo."

"Ehe! Unaniitaka mie muongo? Mie njo nilitunga huu wimbo! Batu bote banajua!"

Eugénie hakubishana. Alimvuta Divine, aliyekuwa amebaki mlangoni, uso umevimba kidogo, ngozi baridi kama ya samaki, akamketisha mbele ya mzee. Appolinaire akachukua gitaa lake, labda kwa ubishi, labda ili mikono ipate kazi, akaanza kupiga. Divine hakufungua mdomo. Ubeti ukaja. Haukuwa ubeti ambao Eugénie aliwahi kuusikia kwenye kanda yoyote, wala ya Bujumbura, wala ya kwaya, wala ya yule DJ. Ulikuwa ubeti wa mwanamke anayefua peke yake ufukweni jua la utosi, anaimba, anamwona kijana amejificha nyuma ya mitumbwi na gitaa lake bovu, anaiba noti moja baada ya nyingine, na anamwacha aibe, kwa sharti dogo tu. Vidole vya mzee vikakwama kwenye nyuzi.

"Huo tuliukata," akasema polepole. "Ulikuwa murefu."

"Alikuomba nini?"

Mzee akaanza kulia, kilio cha hasira, cha mtoto aliyenyang'anywa. "Jina tu! Kila tukiimba, tutaje jina lake. Tukataja mwaka mumoja. Halafu akaja commerçant mumoja, mwenye maduka, akataka lake. Tungefanya nini? Franchement, tungefanya nini? Tulikuwa vijana!"

"Na juu ya nini hukusema mpaka leo? Batu banapotea sauti, weye uko kimya!"

"Nikisema, mutajua haiko mie nilitunga." Akajipangusa kwa fulana. "Niko na nini ingine mie? Uvira imebaki. Mke amebaki. Niko na huo wimbo tu."

Eugénie akacheka, cheko baya. Mzee huyu naye! Hata yeye, kwenye kiti chake cha mbele, alikuwa amekalia jina la mwingine. "Sema jina, Papa. Ao nasimama pa kinu nasema kila kitu kwa muzindalo, kambi nzima isikie."

Appolinaire akatazama ukuta. "Zaina," akasema. "Zaina wa Kalundu." Divine akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maharage, mabega yake yakashuka.

Siku ya Wakimbizi ikafika na mahema meupe, na magari meupe, na watu wa kuja kusema kwamba wakimbizi ni hazina. Jua la wilaya ya Isingiro lilikuwa linapasua vichwa. Ridhiwan alikuja na spika zake, na bango lake, na msichana wa Mbarara wa kufungua mdomo. Lakini mkubwa mmoja wa hafla akakataa, akasema wageni wanataka sauti ya mkimbizi mwenyewe, hai, la sivyo ashuke. Ridhiwan akaja mbio nyuma ya hema, miwani ya jua kichwani.

"Dada Eugénie. Bambi, nisaidie. Wewe unaimba karibu kama yeye."

"Nitaimba."

Hakutegemea jibu la haraka hivyo. "Kale! Webale nyo, asante sana! Pale kwa kimya, taja Ridhi Beats. Jina la Divine tunatoa, haisaidii soko."

Eugénie akampa mgongo. Mastulah alikuwa amekuja kutoka Mbarara alfajiri, chetezo cha ubani ndani ya kapu. Aliketi na Divine kwenye benchi la pembeni, amemshika kiunoni. Divine alikuwa anapumua kwa shida sasa, na kila pumzi ilikuwa na mlio, mlio wa chupa inayojazwa.

"Leo ndiyo leo," Mastulah akasema. "Lirudishe tu, mwanangu. Tutoke hapa."

"Nitalirudisha, mama."

Na alikuwa na nia hiyo. Alipanda jukwaani na jina hilo ulimini, amelibeba kama mtu anavyobeba yai. Lakini Ridhiwan alichukua maiki kwanza.

"Wakubwa, hii wimbo ni yangu mimi! Mimi nimeitengeneza na jasho yangu!"

"Bongo!" mzee Appolinaire akanguruma kutoka kiti cha mbele, fimbo juu. "Mie njo nilitunga!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wezi wawili wanagombea mali mbele ya umma, na umma unapiga makofi. Ridhiwan akacheka nao, akamtupia mzee busu. "Muzee, umetunga ya zamani, mimi ya sasa. Na ninyi wakimbizi mnapenda kusema tunawadharau. Hapana! Kulikuwa na msichana mmoja wa hapa, mdogo, sijui jina lake vizuri, tulimsaidia aingie studio mara ya kwanza maisha yake. Sasa anaumwa, si kitu, biashara inaendelea. Pigeni makofi kwa huyo msichana!"

Wakapiga. Sijui jina lake vizuri. Divine, pembeni kule, alijipinda, akashika kifua.

Magitaa yakaingia. Eugénie akaimba. Aliimba kama hajawahi, na watu waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka, akina mama wakasimama, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemwita mchana akaambiwa ni upepo. Harufu ya ndagala ikapanda kutoka chini ya mbao za jukwaa. Hakuna aliyeshangaa, wa Uvira walidhani ni kumbukumbu.

Kisha magitaa yakateremka, ngoma ikakata, na kimya kikafunguka mbele yake kama mlango, na ndani ya kimya hicho mtu akavuta pumzi, ile pumzi ndefu yenye maji, ila safari hii haikuwa ya mtu aliyekatizwa bali ya mtu anayengoja kuitwa, mwenye hofu na hamu, na Eugénie akafungua mdomo kumwita, na ubavuni mwake akamwona Ridhiwan ameshainua mikono yote miwili, amefumba macho, anatabasamu, amejiweka tayari kupokea jina lake kama mtu anayesubiri mvua aliyoiagiza, na Eugénie akaona wazi jinsi mambo yatakavyokwisha: Zaina atakwenda zake, Divine atapona, na huyu atashuka jukwaani na tabasamu lake, na bango lake, atarudi Nyamityobora, atatafuta binti mwingine, na ripoti nyingine itatoka kwenye karatasi ya kung'aa, na hakuna atakayeguswa, hakuna, kama ambavyo hajaguswa mtu tangu dunia ilipoumbwa.

"Ridhiwan!" akapaza, mpaka spika zikalia. "Ridhiwan wa Nyamityobora!"

Uwanja ukashangilia. Magitaa yakarudi yakiruka. Ridhiwan akafumbua macho kwa furaha, akafungua mdomo kushukuru, na badala ya neno yakatoka maji. Machache kwanza. Akayafuta kwa kiganja, akacheka bila sauti, akajaribu tena. Watu wakadhani ni mchezo, wakazidi kucheza. Yeye alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili, akimtazama Eugénie, na machoni mwake hapakuwa na prodyusa tena.

Mastulah aliona. Hakupiga kelele. Alimwachia Divine, akasimama, kapu likaanguka, akavuka uwanja akikimbia kati ya watu wanaocheza, ushungi umemtoka, na alipompita Eugénie aliyekuwa ameruka kutoka jukwaani, alimtazama mara moja tu. Afadhali angemtemea mate.

Eugénie akafika kwenye benchi. Divine alikuwa ameinama, anakohoa, kikohozi kikavu, cha mtu mwenye mapafu yake. Mashavu yake yalikuwa na joto. Harufu ilikuwa imemwisha.

"Sema kitu. Sema, mutoto wa mama. Sema chochote."

Divine akameza mate. Sauti ilipotoka ilikuwa yake, imekwaruzika kidogo.

"Yaya. Ulisema utamutaja."

"Nilikutoa! Angalia, unasema! Nilikutoa!"

"Ulisema utamutaja yeye." Divine alikuwa anatetemeka. "Tulikuwa tunangoja pamoja. Mule ndani kuko giza, kuko baridi mingi, na alikuwa ananishika mukono. Alikuwa ananiuliza kila mara: dada yako atafanya kama bale? Nikamuambia hapana, ule ni yaya wangu, namujua."

Jukwaani Ridhiwan alikuwa amefunga mdomo. Ssenga wake alikuwa amemkumbatia, anasoma kwa kunong'ona, anakosea, anaanza upya. Na kutoka chini kabisa ya kifua chake, ikizishinda spika, sauti ya mwanamke ikaanza kiitikio. Haikuwa na upole wowote safari hii.

Eugénie akanyoosha mkono kumshika mdogo wake. Divine akauangalia ule mkono. Kisha akainuka, akahamia mwisho wa pili wa benchi, akaketi karibu na watu asiowajua.